Maisha ya Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, na Khabari za Watu Waliotoka katika Njia ya Damu

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wa pwani humjua Sheikh Uways bin Muhammad kwa jina lake na kwa dhikri ya Kadiria iliyoenea kwa mikono yake. Wengi huzijua na karama zake. Lakini khabari ya kufa kwake watu huisema kwa neno moja, ya kuwa alikufa shahidi, kisha hupita. Hawaulizi ni nani waliomwua, wala walikuwa na hoja gani, wala ni lipi lililowapata baadaye. Nami nalikuwa mmoja wa hao wapitao, mpaka aliponijia mtu hapa Himo na jambo lililonirudisha katika khabari hiyo.

Himo ni mji wa njia panda. Njia moja yatoka Moshi. Ya pili yateremkia Mwanga na Same hata Korogwe na Tanga. Na ya tatu yaenda Holili, ikavuka mpaka kuingia Taveta, na mbele yake ni Mombasa. Siku moja baada ya sala ya alasiri mzee mmoja alinishika mkono akanivuta kando ya msikiti. Akanieleza kwamba mwanawe aliondoka kwa njia hiyo ya tatu, asionekane kwa miaka minne, na sasa amerudi usiku, mwembamba, hana maneno. Huko Somalia alikokuwa alifundishwa kuwaita Waislamu makafiri, na baba yake akiwa katika hao. Mzee akataka kujua kijana huyu aambiwe nini, na ni nani wa kumwambia, na kama yafaa kusimama naye katika safu. Sikuwa na jawabu siku ile. Nikamwomba anipe muda, nikaenda kufungua vitabu.

Sheikh Uways alizaliwa Barawa, katika pwani ya Banadiri, mwaka wa 1263 Hijria, sawa na 1847 Miladia. Watu wake ni Watunni. Hakuzaliwa katika nyumba ya ukubwa wala ya mali, na wako waliomtia dosari kwa asili yake hata alipokuwa sheikh mkubwa. Barawa ni mji wa ilimu, na lugha ya wenyeji wake, Chimini, ni ndugu wa Kiswahili chetu. Huko akasoma Kurani, na tafsiri, na nahau, na fikihi ya Imam Shafii, kama wasomavyo vijana wetu wote wa pwani. Mwalimu wake akamtia katika mlango wa tarika, kisha akamhimiza asafiri.

Karibu na mwaka wa 1870 akenda Baghdadi, lilipo kaburi la Sheikh Abdulkadir Jilani. Akakaa huko miaka, akapewa ijaza na Sayyid Mustafa bin Salman, naye ni katika kizazi cha Sheikh Abdulkadir mwenyewe. Akahiji. Akarudi kwao mwanzo wa miaka ya 1880, akipita bara ya Wasomali kulizuru kaburi la Sheikh Abdulrahman Zaylai, sheikh mkubwa wa Kadiria aliyekufa mwaka wa 1882. Aliyetoka Barawa mwanafunzi akarudi Barawa khalifa.

Tangu mwaka wa 1884 akawa akija Unguja. Sayyid Barghash bin Said alimpokea kwa heshima, na baada yake Sayyid Khalifa, na baada yake Sayyid Hamed bin Thuwaini. Masultani hao walikuwa Waibadhi, na Sheikh Uways ni Mshafii na mtu wa dhikri. Walakini tofauti ya madhehebu haikuwazuia wao kumkirimu, wala haikumzuia yeye kula chakula chao na kuwaombea dua. Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa tutalihitaji mbele.

Lakini waliomfuata zaidi hawakuwa watu wa majumba. Walikuwa wavuvi, na wachukuzi, na watumwa na walioachwa huru, na watu wa bara waliosilimu juzi. Katika miji ya wakati ule mtu aliulizwa kwanza nasaba yake, kisha ndiyo ilimu yake. Katika duara ya dhikri ya Sheikh Uways mtu asiye na nasaba alipata mahali pa kusimama, bega kwa bega na Mwarabu na Mbarawa. Akawapa ijaza makhalifa wengi. Mmoja wao, Sheikh Zahur bin Muhammad, aliipeleka tarika mpaka Tabora katika miaka ya 1890. Ukiona leo Mnyamwezi au Mmanyema anasoma wirdi wa Kadiria, aghalabu ukiufuata mkono kwa mkono utafika Barawa. Na huko kwao Banadiri alifanya vivyo hivyo kwa namna nyingine: alijenga vijiji vya murid, watu wakalima pamoja, wakasoma pamoja, wakala pamoja. Kimoja katika vijiji hivyo ni Biyole, mbali na pwani, nacho ndicho tutakachorudi kwacho.

Sasa hatuna budi kumtaja mtu wa pili, kwani khabari ya Sheikh haifahamiki bila yake.

Mwaka wa 1895 alirudi Berbera kutoka Makka Sayyid Muhammad bin Abdallah Hassan, Msomali, fasaha wa ulimi, mshairi asiye na mfano katika lugha yake. Huko Makka aliushika mkono wa Sayyid Muhammad Salih, sheikh wa tarika ya Salihia, ambayo silsila yake yarudi kwa Sayyid Ahmad bin Idris. Asidhani basi msomaji kwamba watu hawa hawakuwa na tarika. Walikuwa na wirdi, na dhikri, na murshidi, kama sisi. Sayyid akakataza mirungi na tumbaku, akapinga watu kutawasali kwa mawalii waliokufa, na kwa hilo akagombana na masheikh wa Kadiria wa Berbera. Mpaka hapo ni khitilafu ya wanavyuoni, na khitilafu hiyo ingaliko na sisi.

Tena haki ilikuwamo katika maneno yake. Waingereza walikuwa wamekwisha kukaa Berbera. Majeshi ya Mfalme Menelik wa Uhabeshi yalikuwa yakiwanyang'anya Waogaden ngamia na ng'ombe wao. Na mapadri walikuwa wakilea watoto wa Kiislamu. Husimuliwa kwamba alimwuliza mtoto mmoja kabila yake, mtoto akajibu kuwa yeye ni wa kabila ya mapadri. Mtu yeyote mwenye ghera angeumia kwa hilo. Katika mwaka wa 1899 akatangaza jihadi, na Wasomali wengi hata leo humhesabu kuwa shujaa wao mbele ya wageni. Mimi siwapokonyi ushujaa huo.

Shari iliingia kwa mlango mwingine. Aliyekataa kumfuata, japo anasali na kufunga, alihesabiwa kuwa kafiri, au sawa na kafiri, na mali yake ngawira. Wafuasi wake aliwapa jina la Darawishi, na jina la Wasomali akawaachia waliobaki nje. Kijana aliyeingia kwake alivaa kilemba cheupe, akaliweka kando jina la kabila yake, akapata jina jipya na ndugu wapya. Na aliyetaka kutoka alijua kwamba malipo ya kutoka ni kuuawa. Basi wengi walioingia kwa ajili ya dhuluma ya Wahabeshi wakajikuta wanateka ngamia wa Mwislamu jirani yao, na wakati wa kurudi nyuma ulikuwa umekwisha kupita.

Sheikh Uways akasimama kumpinga. Alikuwa mshairi yeye pia, akitunga kwa Kiarabu, na kwa Chimini, na kwa Kisomali kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kasida zake zilisomwa hata na wanawake majumbani. Katika baadhi yake aliwashutumu Wasalihia kwa ukali mwingi, kwa kumwaga kwao damu ya Waislamu na kuwadharau mawalii. Alikuwa na haki ya kusema. Lakini, na nasema hili kwa adabu, nami ni mtu nimpendaye Sheikh, kasida hizo ziliwathibitisha Wakadiria katika tarika yao; hazikuwa maneno ya kumrudisha aliyekwisha kutoka. Mtu uliyemtukania sheikh wake hukaa na hasira, hakai na hoja.

Akakaa Biyole na murid zake, karibu na nchi zilizoguswa na wito wa Sayyid. Tarehe 23 ya Mfungo Sita mwaka wa 1327, yaani 14 Aprili 1909, kundi la wafuasi wa Sayyid likaishambulia Biyole. Wakamwua Sheikh, naye ana umri wa zaidi ya miaka sitini, na wakawaua pamoja naye wanafunzi wake waliokuwako. Waliowaua walikuwa Waislamu, watu wa madhehebu yale yale ya Imam Shafii, nao waliona kwamba wanajikurubisha kwa Mungu. Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Uways na wote waliokufa pamoja naye.

Wasomaji wengi wa manakibu yake hukifunga kitabu hapa. Mimi naomba wasikifunge bado, kwani mwaka ule ule wa 1909 lilitokea jambo jingine katika kambi ya hao hao Darawishi.

Kwa miaka kumi mataifa makubwa yalikuwa yamejaribu kuwatoa watu hawa kwa bunduki. Waingereza walipeleka vita mara nne, tangu 1901 mpaka 1904. Aprili 1903, mahali paitwapo Gumburu, kikosi chao kiliangamizwa karibu chote. Januari 1904, huko Jidbali, Darawishi nao walipoteza watu wengi mno. Mwaka wa 1905 Wataliani wakafanya mkataba na Sayyid, wakamwachia nchi ya kukaa. Katika yote hayo Darawishi waliuawa, walikimbia, walihama. Lakini waliobaki hawakumwacha. Kila risasi ya Mzungu ilikuwa ushahidi mpya kwamba Sayyid amesema kweli.

Yuko mtu aliyekuwa wakili wa Sayyid huko Adeni, jina lake Haji Abdallah Shahari. Alikuwa mwaminifu wake, akijua siri za kambi, kisha akamwacha. Watu wa namna yake walikwenda Makka kwa Sayyid Muhammad Salih mwenyewe, wakamweleza yanayotendwa kwa jina la tarika yake. Sheikh huyo akaandika barua. Ndani yake alimkanya murid wake juu ya kuua Waislamu na kuchukua mali zao na kuvunja sharia, akamwonya kwamba asipoacha hana uhusiano naye tena. Serikali za Kizungu ziliifurahia barua hiyo, na wako waliosema kwamba mkono wao umo ndani. Walakini ilipofika Nugal ikasikiwa na Darawishi, ilifanya lile ambalo majeshi yaliyokuja mara nne hayakulifanya.

Mamia ya watu, na ndani yao makadhi na wakubwa wa vita, wakakutana kwa siri chini ya mti mmoja. Wakashauriana: ama wamwue Sayyid, ama wamwondoe wamweke mwingine, ama kila mtu arudi kwao na jamaa zake. Hawakuafikiana vizuri, na siri ikavuja kabla ya kutimia. Ndiyo maana Wasomali wakauita mti huo mti wa shauri lililopotea. Baadhi yao waliuawa. Lakini wengi waliondoka, watu kwa makundi, na nguvu ya Sayyid haikurudi kuwa ile iliyokuwa.

Nalitazama sana jambo hili, kwa ajili ya yule mzee. Kwa nini barua, na si bunduki, wala kasida? Nimeona kwamba Sayyid Muhammad Salih hakuwa adui wao. Alikuwa sheikh wa sheikh wao. Wirdi walioushika ulikuwa wake. Alipowaambia wamekosea, kumsikiliza yeye hakukuwa kusalimu amri kwa Mwingereza, wala kwa Wakadiria wa Biyole. Waliweza kuiacha kambi na wasiuache wirdi. Mtu hatoki nyumbani usiku wa mvua ila ajue iko nyumba nyingine itakayomfungulia. Tena walikuwa na kwao: jamaa, na visima, na ngamia, na jina lile la kabila waliloliweka kando.

Wanavyuoni wetu walilijua hili zamani. Mwaka wa 37 Hijria, walipojitenga Makhawariji huko Harura juu ya Sayyidna Ali, wakamkufurisha, Ibn Abbas aliomba ruhusa ya kuwaendea. Akaenda peke yake, amevaa nguo nzuri ya Yemeni, hata wakaanza kumlaumu kwa nguo. Akawauliza ni lipi wanalolichukia. Wakataja matatu: kwamba Ali amewaweka watu kuhukumu katika jambo la Mungu, kwamba amepigana asichukue mateka wala ngawira, na kwamba amelifuta jina lake la Amiri wa waumini katika mkataba. Akawajibu moja moja kwa Kurani na kwa tendo la Mtume siku ya Hudaibiya, kila moja akawauliza kama amelimaliza, nao wakakiri. Imepokewa kwamba walikuwa elfu sita, wakarudi elfu mbili. Hakuwarudisha wote. Lakini elfu mbili ni watu, na kila mmoja ana mama.

Kisha likawa hukumu katika fikihi yetu. Katika Minhaji, kitabu ambacho mwanafunzi wa Kishafii hakikosi, Imam Nawawi ameeleza kwamba kiongozi hawapigi waasi mpaka awapelekee mtu mwaminifu, mwerevu, mwenye kunasihi, awaulize wanachokichukia. Wakitaja dhuluma aiondoe, wakitaja shubha aibainishe. Tazama, ndugu msomaji, kwamba dhuluma imetangulia. Asiyeiondoa dhuluma, hata akiwa na hoja kama mlima, hatasikilizwa.

Waliotoka chini ya mti ule hawakupata raha mara moja, na hili nalisema wasije watu wakadhani njia ni nyepesi. Baina ya 1909 na 1910 Waingereza waliiacha bara wakajikusanya pwani, wakawagawia makabila bunduki, na nchi nzima ikawa ya kuuana; hukadiriwa kwamba theluthi ya wanaume wa nchi hiyo walikufa kwa vita na njaa katika miaka iliyofuata. Aliyetoka kambini alirudi katika nchi isiyo na mlinzi. Sayyid akajenga ngome za mawe Taleh, na mwanzo wa 1920 Waingereza wakazipiga kwa ndege 12. Akakimbia na wachache kwenda Ogaden. Huko wakapelekewa masheikh na wazee kumwahidi msamaha, akakataa. Akafa mwishoni mwa mwaka huo kwa maradhi.

Ugonjwa huu umerudi katika zama zetu. Tangu mwaka wa 2008 makaburi ya masheikh huko Somalia yamebomolewa na watu wanaojiita vijana wa jihadi, na watoto wetu wa Tanga, na wa Mombasa, na wa kusini ya Ruvuma, wameingia katika mikono ya namna hiyo. Huko Kenya, baada ya watu 148 kuuawa katika chuo kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, serikali ilitangaza msamaha kwa vijana watakaojisalimisha, ikawapa siku 10. Lilikuwa jambo la kheri, ila siku 10 ni chache kwa mtu anayeogopa pande mbili.

Nikamrudia mzee wangu. Nikamweleza kwamba kauli iliyo sahihi katika madhehebu yetu ni kutowakufurisha hata Makhawariji wenyewe. Basi mwanawe ni Mwislamu, na sala yake na sala ya kusimama naye ni sahihi, wala asimwombe atamke shahada mbele ya watu kama aliyeritadi. Nikamweleza kwamba toba baina yake na Mungu iko wazi, lakini haki za wanadamu hazianguki kwa toba: ikiwa amemwaga damu au amechukua mali, wenyewe wana haki yao. Kwa hiyo asimfiche. Aende naye kwa wenye mamlaka, mchana, pamoja na wazee wawili wa msikiti, ili kijana asiende kama mtu aliyetupwa. Mzee alilia hapo, na sikumharakisha.

Kisha nikamwuliza ni nani aliyemfundisha kijana alifu, kabla ya hao wengine. Akanitajia mwalimu wa chuo huko pwani ya Tanga, alikolelewa kwa nyanya yake mpaka akahitimu juzuu thelathini. Nikamwambia kwamba mimi si wa kuanza kusema na mwanawe. Tumwandikie huyo.

Mwalimu yule ni mtu mzima, macho yake hayaoni vizuri. Alipanda basi alfajiri, akateremka Himo kabla ya magharibi, akasimama kando ya njia na bakora yake. Kijana alikuwa hajatoka nje tangu arudi. Alitoka, akavuka njia, akampokea mkoba wake.